Shairi Lililomaliza Majani ya Mama

Kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya ushairi wa kisasa na mazingira, huulizwa swali lile lile: shairi linaweza kufanya nini kuokoa mti? Anayeuliza huwa amekaa vizuri, ana daftari jipya, na anangoja nimpe maneno ya kwenda kuandika. Namjibu kwamba habari za kuokoa sizijui. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba shairi linaweza kumaliza malisho ya mjane mmoja katika mwezi mmoja na nusu. Watu hucheka wakidhani natania. Sitanii hata kidogo, na kicheko chao hunikera mpaka leo.

Shairi lenyewe niliandika mimi. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Geita. Mgodi wa zamani ulikwisha kufungwa, lakini watu hawakuacha kuchimba. Walichimba vilimani, walichimba mashambani, walichimba nyuma ya vyoo vya shule. Kila shimo lilihitaji matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta ili udongo usimwangukie mchimbaji, na kila gogo lilitoka kwenye mti. Nilipofika, kilima kilichotazamana na darasa langu kilikuwa na miti michache. Mwaka wa pili hakikuwa na hata mmoja. Kiangazi upepo uliingia darasani na vumbi lote la kilima kile, na mimi nilifuta ubao kabla ya kuandika na nikaufuta tena baada ya kuandika.

Katika ukame ule nilikumbuka nyumbani, Shinyanga. Ni kichekesho, kwa sababu Shinyanga yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa uwanja. Ng'ombe na pamba viliimaliza kabla dhahabu haijaimaliza Geita. Kwa hiyo sikukumbuka Shinyanga nzima. Nilikumbuka ngitili ya mama yangu tu.

Ngitili ni kipande cha malisho ambacho familia hukifunga mvua zinapokatika. Hakuna ng'ombe anayeingia. Majani huachwa yasimame, yakauke yakiwa wima, mpaka Septemba na Oktoba, wakati kwingine kote kumebaki udongo. Hapo mwenyewe hufungua kidogo kidogo, akianza na wanyonge: ndama, ng'ombe mwenye mimba, maksai wa kulimia. Hakuna ukuta wala waya. Kuna matawi mawili matatu ya miiba kwenye njia, na kuna adabu ya watu.

Ya mama aliachiwa na baba alipofariki. Tulipohamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara, ngitili nyingi zikabaki mbali na wenyewe, na watu wakakata tamaa nazo. Wengine wakalisha zote mara moja, wengine wakang'oa visiki wakapanda pamba. Mama hakukata tamaa. Kila baada ya siku moja alitembea saa nzima na nusu, na fimbo yake, kwenda kuitazama. Nasema na fimbo kwa sababu siku ya kuhamishwa alianguka kutoka kwenye lori, na tangu siku hiyo nyonga yake haikukubali tena kuinama. Jembe la mkono lilikuwa limemshinda kabisa. Alilima kwa plau, na plau ilivutwa na maksai wawili, na maksai wale kila mwaka walivuka kiangazi kwa majani ya ngitili ile. Bila majani hakuna maksai, bila maksai hakuna shamba, bila shamba mama yangu angekula nini? Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa unamaliza mwezi ukichechemea kuliko yeye.

Haya yote niliyajua. Ndiyo maana nikijifikiria nilivyokuwa siku zile, natamani kujipiga kofi.

Siku zile nilikuwa na ugomvi na washairi. Nilisikiliza kipindi cha mashairi redioni kila Jumapili alasiri, na kila Jumapili nilikasirika. Waliimba mti, lakini hukujua ni mti gani. Waliimba ndege, na ndege yule hakuwa na jina, alikuwa ametua tu ili apate kina na neno lililotangulia. Ewe mti mzuri, ewe bonde la neema. Hakuna aliyewahi kuchomwa na mwiba katika mashairi yale. Mwalimu mkuu wetu naye alikuwa mtunzi, na tungo zake zote zilikuwa na jembe katika ubeti wa kwanza na mavuno katika ubeti wa mwisho, mizani nane kwa nane, zimenyooka hazina kasoro na hazina uhai. Aliponiona naandika mistari isiyo na vina aliniuliza kama nimechoka.

Mimi nilijiona nimegundua siri. Ushairi mpya, nilimwambia, hauna budi kusema kitu chenyewe: mgunga uwe mgunga, korongo liwe na mahali pake, majani yawe na urefu wake na rangi yake. Mtu asikie shairi aweze kwenda na kufika. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, aweze kwenda na kufika, na mwalimu mkuu akatikisa kichwa, akaendelea kusahihisha daftari.

Basi nikaandika. Sitalileta shairi zima hapa, na jina la stesheni nitaliruka, kwani kuna vitu mtu hujifunza. Lilianza hivi:

*Ukishuka garimoshi pale*
*usifuate barabara, barabara haina kitu.*
*Fuata korongo lililokauka mpaka mawe mawili*
*yaliyobebana mgongoni.*
*Hapo geukia jua linakotoka.*
*Nyuma ya migunga saba mama yangu*
*ameifunga mvua ya mwaka jana.*
*Imesimama wima, rangi ya simba,*
*inamfikia kiunoni.*

Mtayarishaji wa kipindi aliniandikia barua nzuri. Alisema shairi halina vina lakini lina harufu ya ardhi, na kwamba uhusiano wa binadamu na maumbile umewekwa mahali pake. Nilitembea na barua ile kwenye pochi wiki nzima. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti likasomwa. Nililisikilizia dukani, pale wachimbaji walipokuja kununua betri na sigara, na walinyamaza kulisikiliza, jambo ambalo kwa wachimbaji si dogo. Lilipokwisha, mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye nyusi, alinigeukia.

"Mwalimu, huyo mama ana ng'ombe wengi?"

"Hapana, mzee. Ana maksai wawili tu."

"Wawili tu, na majani ya kiunoni." Alifikiri. "Basi mama huyo ana moyo, kukaribisha watu mwaka kama huu."

Nilitabasamu. Nilimwona mzee wa watu, hajasoma, haelewi shairi ni nini. Nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi. Jumapili mbili baadaye wakalirudia, kwa maombi ya wasikilizaji, na mimi sikujiuliza ni wasikilizaji gani hao wanaohitaji kusikia mara ya pili mahali pa kugeukia.

Likizo ya Septemba nilikwenda nyumbani. Siku mbili juu ya malori, la kwanza likiwa na pamba na la pili likiwa na chumvi. Nilipofika nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani akaniambia mama yuko ngitili tangu asubuhi, amekaa na wageni.

"Wageni gani?"

"Si tunajua sisi? Wanasema wamealikwa."

Nilisikia ng'ombe kabla sijafika kwenye yale mawe. Walikuwa wengi, wembamba, mbavu nje, wamekwenda kichwa chini katika majani ya mama kana kwamba hawataki kumtazama mtu usoni. Upande wa magharibi wote ulikuwa umekwisha kulazwa chini. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, fimbo magotini. Wanaume wanne waliinuka kunisalimia, aliyekuwa mdogo kwa shikamoo, wengine kwa mwadila, salamu ya Kisukuma, kwa heshima kamili. Mkubwa wao alikuwa na redio shingoni, imevalishwa mfuko wa uzi uliofumwa kwa mkono.

"Hawa wanasema wameitwa," mama alisema kwa Kisukuma. "Nimewauliza wameitwa na nani. Wanasema na redio."

Yule mwenye redio hakuona aibu yoyote, na kwa nini aone? Wametembea siku sita kutoka upande wa Maswa, alisema, ng'ombe wengine wamefia njiani. Halafu akasimama wima, akayasema maneno yangu. Aliyasema kwa Kiswahili cha redioni, bila kuruka neno: stesheni, korongo, mawe yaliyobebana, jua linakotoka, migunga saba. Alipofika kwenye migunga aliinyoshea mkono, mmoja mmoja, kunionyesha kwamba hesabu ni sahihi.

Nitasema ukweli, ingawa haunipendezi. Kwanza nilifurahi. Mtu nisiyemjua, asiye mwalimu wala mtu wa mjini, alikuwa amelishika shairi langu kichwani na kulibeba siku sita. Ni mshairi gani amepata hilo? Furaha ile ilidumu kama dakika moja. Kisha nikamtazama mama.

Mama Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alielewa stesheni na alielewa migunga. "Huyo mtu wa redio," aliniuliza tukirudi, "amejuaje ngitili yangu?"

Nikasema sijui. Nilikuwa mwalimu, nina miaka karibu thelathini, na nikamdanganya mama yangu njiani kama mtoto aliyevunja chungu.

Lakini mama hakuwa mtu wa kuacha jambo. Kwetu ngitili ya mtu ikiingiliwa kuna dagashida, baraza la wanaume wa pale, ambalo husikiliza na kutoza. Siku zile viongozi wa kijiji hawakulipenda sana, walitaka mambo yote yapite ofisini kwao, lakini kwa habari ya majani hata mwenyekiti wa kijiji alijua nani anajua. Wakakutana asubuhi ya tatu kwenye uwanja wa ghala la pamba. Wanawake walikaa pembeni, na mama, kwa kuwa ndiye mlalamikaji na hana mume, alipewa kigoda mbele.

Wageni hawakukana. Mwenye redio alisema: tumesikia mahali palipo na majani, tumeelezwa njia, tumefuata njia. Na wazee walitazamana, maana alikuwa amewabana. Kwetu mtu akikutajia majani ya kiangazi na akakueleza na njia ya kuyafikia, huyo amekukaribisha. Ndivyo inavyofanyika tangu zamani. Asiyetaka wageni hataji, hata kwa shemeji yake. Mtu akimuuliza mama hali ya ngitili yake, jibu lilikuwa moja miaka yote: ipo ipo tu. Huo ndio uhusiano wake na maumbile, ikiwa mtayarishaji wa kipindi alitaka kuujua. Ulikuwa ni kunyamaza. Miaka yote aliyoitunza ngitili ile hakuwahi kuisifia mbele ya mtu yeyote. Nikaja mimi na ushairi wa kisasa.

"Hawa hawana kosa," alisema msemaji wa baraza, mwanamume mfupi aliyekuwa na haraka ya kwenda kupima pamba yake. "Mwenye kosa ni aliyewaelekeza. Ni nani?"

Nilisimama. "Ni mimi," nikasema. "Ni shairi. Niliandika shairi juu ya mama."

Ilibidi nilisome. Walitaka kusikia wote, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma, na nililisoma pale uwanjani mbele ya mizani ya pamba. Halafu mzee mmoja akasema njia niliyotaja ni ya mzunguko, kwamba kutoka stesheni mtu angepita nyuma ya kanisa na angefika mapema. Mwingine akakubaliana naye. Wakabishana juu ya njia ya nyuma ya kanisa kwa muda mrefu kuliko walivyozungumza juu ya kosa langu. Nimepata wahakiki wa kila namna tangu siku ile, wenye digrii, wenye miwani, lakini hakuna walionichosha kama wale.

Mama alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye fimbo yake.

Hukumu ilikuwa mbili. Kwanza nitoe beberu, wamle. Hilo lilikuwa rahisi. Pili, mdomo nilioufungua niufunge mwenyewe: wote niliowaambia kwamba majani yapo niwaambie kwamba hayapo, kwa njia ile ile, katika redio ile ile. Wageni walipewa siku mbili waondoke, na waliondoka kwa siku mbili, na yule mwenye redio alimwachia mama kibuyu cha samli na akashukuru, wabeja. Palibaki ukanda mwembamba wa majani nyuma ya mawe. Mama aliupima kwa macho. Kama wataingia maksai wawili tu, alisema, na kama mvua haitachelewa sana, watafika.

Usiku haukuingia kabla sijamaliza shairi la pili. Lilikuwa fupi. Halikuwa na mvua iliyofungwa wala rangi ya simba.

*Nyuma ya migunga saba hakuna kitu.*
*Waliosikia wamekuja, na mama amefagiliwa.*
*Usije.*
*Hata ukiwa na ng'ombe mmoja, usije.*

Nikalituma kwa garimoshi la kesho yake, na barua ya kuomba lisomwe upesi, kwa sababu ni jambo la watu na mifugo yao. Nikarudi shuleni.

Lilisomwa Jumapili ya pili ya Oktoba. Nilikuwa dukani pale pale. Msomaji alilisoma vizuri, kwa sauti ya huzuni, mpaka kwenye mstari wangu wa mwisho, nami nikashusha pumzi. Kumbe hakuwa amemaliza. Aliendelea:

*Lakini mvua ya mama haina mwisho,*
*majani yatasimama tena.*
*Njooni, wana wa nchi, njooni tushikane mikono.*

Nilisimama pale na pakiti ya majani ya chai mkononi. Barua ya mtayarishaji ilinifikia siku tatu baadaye. Alieleza kwamba shairi langu lilikuwa na nguvu lakini lilikatisha tamaa, na kwamba wakati huu wa kilimo cha kufa na kupona msikilizaji anahitaji tumaini, kwa hiyo ofisi imeongeza ubeti mdogo. Alinitakia kazi njema. Nilimpelekea mwalimu mkuu barua ile pamoja na ombi la ruhusa, nikitumaini angalau mtu mmoja atakasirika pamoja nami. Aliisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa limekuwa shairi," alisema. "Lina mwisho."

Lakini alinipa ruhusa, na kwa hilo namshukuru.

Nilifika nyumbani alfajiri, nikakuta mama na jirani wawili wako zizini wanainua maksai. Aliyewahi kuona kiangazi cha Usukumani anajua kazi ile. Ng'ombe akidhoofika hulala, na akilala usiku kucha miguu hukataa, asubuhi hawezi kuinuka mwenyewe. Watu hupitisha mti chini ya tumbo, wawili huku na wawili kule, mmoja anashika mkia, na wote wanainua kwa pamoja. Akisimama anakuwa sawa mpaka jioni. Akikataa mara tatu mnamwacha. Huyu alikuwa yule wa kulia, mkubwa, aliyekuwa akitangulia kwenye mtaro. Nilishika mkia. Tukainua, akapanda nusu, akarudi.

Ndipo wakaja watu kutoka njiani. Mwanamume wa makamo, mkewe na mtoto mgongoni, na nyuma yao ng'ombe kumi na mmoja na ndama watatu, wote mifupa. Hawakusalimia kwanza. Mwanamume aliweka fimbo chini, akaingia zizini, akashika mti upande wa mama, na mkewe akamshika pembe. Tukainua. Maksai akasimama, miguu ikitetemeka, na sote tukamshikilia mpaka akapata nguvu. Hapo ndipo salamu zikafuata, mwangaluka na mwangaluka, na mwanamume akajifuta jasho, akauliza kwa upole kama hapa ndipo kwenye migunga saba.

Mama alinigeukia. "Umewaita wewe," alisema. "Kawaambie wewe."

Nikawatoa mpaka barabarani. Nilimweleza yule mwanamume kwamba majani yamekwisha, umebaki ukanda wa hawa wawili, na huyu mmoja amemwona mwenyewe. Alinisikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Lakini tulisikia njooni," alisema.

"Hayo hayakuwa yangu. Yaliongezwa ofisini. Mimi nilisema usije, nilisema mara mbili."

"Hata hayo tulisikia." Hakuwa anabishana, alikuwa ananieleza. "Mwenye chakula si huanza kwa kusema hana? Anasema sina, nyumba kavu, halafu anakwambia karibu. Neno la mwisho ndilo la mwenye nyumba."

Alikuwa amelisoma shairi lile vizuri kuliko aliyeliharibu, na kuliko mimi niliyedhani neno likishatoka linabaki na maana niliyokusudia. Nilitaka kukasirika naye, lakini ungemkasirikia kwa lipi? Alifuata mwaliko. Mtoto mgongoni mwa mkewe alikuwa anakohoa. Ndama mmoja alikuwa amelala barabarani pale pale tulipokuwa tunazungumza, na mwanamke alikuwa amechuchumaa anakishikilia kichwa chake kisiguse mchanga.

Mimi ninayewafokea watoto hamsini kwa siku nilishindwa kumwambia mtu mmoja arudi. Nikarudi zizini kumuuliza mama.

"Ndama tu," alisema, bila kunitazama. "Siku moja."

Lakini ndama humfuata mama yake, na ng'ombe mwenye njaa hajui ni nani aliyeruhusiwa. Mwanamume yule alijitahidi kwa haki yote, alikimbia huku na huku siku nzima na kitawi, na jioni aliomba radhi karibu na kulia. Kesho yake walipokuwa wanaondoka ikaja familia nyingine, kutoka upande mwingine kabisa, ikiwa na ng'ombe ishirini na maneno yale yale, njooni, tushikane mikono. Hao hata sikuwasimamisha. Kilichobaki cha kulinda kilikuwa ni mashina.

Yule maksai wa kulia tulimwinua asubuhi nne zaidi. Ya tano alikataa mara tatu. Mama alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kisu cha jirani, akampa jirani. Nyama ilikuwa ngumu na haikuwa nyingi. Wa kushoto alipona, akabaki anazunguka zizi akimtafuta mwenzake, lakini maksai mmoja hawezi kuvuta plau iliyotengenezwa kwa nira ya wawili. Jirani walikuwa na wanyonge wao wa kuinua, hakuna aliyekuwa na wa kuazimisha.

Mvua ikanyesha siku tisa baada ya hapo, mvua kubwa, ya kutosha, kama ya kutukomoa. Ruhusa yangu ilikuwa imekwisha na mimi sikuwa nimeondoka. Asubuhi nilichukua jembe la mkono nikaenda shambani, nikaanza kwenye kona ya juu. Mama alikuja nyuma yangu na fimbo yake na jembe jingine. Alijaribu kuinama, nyonga ikamkatalia, akajaribu kwa kupiga goti, akalima mapigo matano sita akiwa amepiga goti kwenye matope, halafu akakaa chini kabisa. Alilitazama shamba lote, lilivyokuwa jeusi na limelainika, tayari, limeenda mpaka kule kwenye mti wa mpaka, na alinitazama mimi nilivyokuwa nimepiga hatua nne na malengelenge yamekwisha kutoka.

Wiki sita nzima hakuwa amelitaja lile shairi mbele yangu hata mara moja.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, "waandikie tena. Waambie mama yako amepata mvua, shamba limelainika, njia wanaijua. Pengine safari hii watakuja na majembe."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa ananyosha mkono nimwinue.